Betri ya Kamera ya Shangazi Mwanasha

Kila Alhamisi, Mejumaa alimsaidia shangazi yake, Mwanasha, kufuta vumbi kwenye kamera ya video. Pale Msambweni hapakuwa na mwanamke mwingine aliyepiga video za harusi, na bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake, mwanamume haingii ng'o!

Jumamosi ilikuwa harusi ya Warda. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini, hawezi kuinuka. Warda aliomba jambo moja tu: mama aione harusi hiyo kwenye video.

"Itie betri kwenye chaja tangu jioni," shangazi alisema Ijumaa. "Inataka muda."

Mejumaa akasahau. Asubuhi akakuta umeme umekatika. Lo! Basi akafanya kama watu wanavyowasha redio: akaiunga betri ile ndogo kwa nyaya, moja kwa moja kwenye betri kubwa ya gari. Ikapata moto, ikatoa harufu kali. Akaichomoa, akaitia mkobani, akanyamaza.

"Tayari?"

"Tayari, shangazi."

Alasiri Warda akatolewa, vigelegele vikapaa. Kamera haikuwaka. Shangazi akabonyeza tena na tena. Warda akaanza kulia, wanja ukamchuruzika, na wanawake wakabaki kutazamana.

Mejumaa hakuweza kuvumilia. "Nisamehe, shangazi! Nimeiunguza kwa betri ya gari."

"Ya Rabi! Ndani mna kaboni, mwanangu, jamaa ya ile ya penseli. Chaji huingia humo polepole. Ukiisukuma, inaharibika. Huenda siku moja wataalamu wakapata kaboni ya kupokea chaji upesi, lakini leo hatunayo. Ungeniambia asubuhi, ningeazima betri nyingine Diani. Sasa nifanyeje?"



Warda akajipangusa macho. "Nileteeni buibui."

"Bibi harusi haondoki!" akafoka somo wake, aliyemfunda.

"Mama hawezi kuja, na video haipo. Nakwenda mimi."

Wodini, Warda akafunua buibui. Mama akamshika mikono yenye hina, akamtazama, machozi yakimtiririka.

Mlangoni, Mejumaa naye alikuwa akilia. Shangazi akamvuta karibu.

"Betri si kitu, hununuliwa. Kimya chako ndicho kilichotaka kumnyima mama huyu harusi ya mwanawe. Ukikosea, sema mapema, tungali na la kufanya."