Mkate Mtamu wa Mzee Hamira

Ilikuwa Jumanne, saa moja asubuhi, na mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Katika chumba cha mbele, ghorofani juu ya duka, mzee mmoja alikaa kitandani akitazama dirisha. Mguu wake wa kushoto uliishia chini ya goti. Mguu wa kulia ulinyooshwa juu ya kiti, na kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa bandeji.

Mtaa mzima ulimwita Mzee Hamira. Alikuwa ameoka mikate tangu ujana wake, katika kiwanda kidogo nyuma ya soko. Watu walitania kwamba akipita karibu na unga, unga unaumuka wenyewe. Lakini kiwanda kilifungwa. Mkewe alifariki. Kisha ugonjwa wa kisukari ukamchukulia mguu, na tangu siku hiyo hakushuka tena ngazi peke yake.

Aliishi na binti yake, ambaye alikuwa fundi cherehani. Majirani walimwita Fundi tu. Asubuhi hiyo Fundi alimchoma baba yake kwenye ncha ya kidole cha mkono, akatia tone la damu kwenye kipimo, akasubiri. Namba ilipotokea, aliisoma mara mbili.

"Sema, mama," alisema mzee. "Imepanda?"

"Imepanda, baba. Imepita ya jana."

"Hicho kipimo kibovu. Betri imekwisha."

"Betri niliweka mpya juzi."

"Basi walikuuzia betri ya zamani."

Fundi hakucheka. Alikuwa akiyakumbuka maneno ya daktari. Daktari alisema sukari isiposhuka, kidonda cha kidole hakitapona. Kisipopona, kitaula mguu uliobaki.

Jambo lenyewe lilimchanganya. Sukari yote alikuwa ameitoa nyumbani. Chai waliinywa chungu. Vidonge baba yake alivimeza mbele ya macho yake. Sasa sukari hiyo ilikuwa inatoka wapi?

Jibu alilipata siku hiyohiyo. Umeme ulikatika kwenye karakana alikoshona, mafundi wakaambiwa warudi makwao. Fundi alikuwa ng'ambo ya barabara, mwavuli mkononi, alipoona kitu kikishuka kutoka dirishani kwao. Kilikuwa kikapu kidogo cha ukindu kilichofungwa kamba. Marehemu mama yake alikuwa akikitumia kuwekea vitunguu. Kikapu kilishuka taratibu hadi mbele ya duka. Mwenye duka alitoka, akatia humo mikate mitamu, ile ya mviringo yenye sukari iliyoganda juu, akavuta kamba mara moja. Kikapu kikapanda.

Fundi alivuka barabara bila kutazama magari.

"Kumbe ni wewe!" alimwambia mwenye duka.

"Fundi, mimi nauza tu. Mzee aliniambia daktari amemruhusu mmoja kwa siku."

"Na anachukua mingapi?"

Mwenye duka aliitazama mvua. "Inategemea hali ya hewa," alisema.

Fundi alipanda ngazi mbiombio. Alimkuta baba yake ameketi wima, mikono juu ya shuka, kama mtoto msikivu darasani. Sukari ilikuwa bado inang'aa kwenye masharubu yake.

"Baba, unataka kufa?"

Alifuta masharubu.

"Mwanangu, nilikatwa mguu, nikanyamaza. Kiwanda kilifungwa, nikanyamaza. Mama yako alizikwa, nikanyamaza. Na mkate nao nikatwe?"

Fundi alikichukua kikapu, akakiweka juu ya kabati. Kisha akasimama jikoni peke yake, akalia bila sauti, mgongo ameuegemeza ukutani.

Hapo ndipo alipoamua kuoka mwenyewe. Kliniki aliwahi kusikia wagonjwa wakizungumzia mkate mtamu wenye wanga kidogo. Siku mbili baadaye alirudi na unga wa karanga, mbegu za kitani zilizosagwa, mayai, hamira na sukari mbadala, ile inayotia utamu lakini haipandishi sukari ya damu. Alinunua pia unga wa gluteni, yaani ile sehemu ya ngano inayonata na kuvutika, iliyotengwa na wanga.

Jiko lilitengwa na chumba cha mzee kwa pazia tu. Fundi alichanganya kila kitu kwa maji ya bomba, ya baridi kama yalivyotoka. Hakutia hata chembe ya sukari ya kawaida. Alikuwa ameapa. Alilifunika bakuli akasubiri. Unga haukutikisika. Akaongeza blanketi. Unga ulikaa vilevile. Jioni, kwa kukata tamaa, alioka hivyohivyo.

Nyuma ya pazia, mzee hakukohoa wala hakusema.

Fundi alipomletea kipande, mzee alikigonga kwenye ukingo wa sahani. Kilitoa mlio.

"Tofali zuri," alisema mzee. "Tunajenga nini?"

Wakati huo mlango ulibishwa. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa makamo aliyeishi chumba cha mkabala. Kila jioni alikuja kusafisha kidonda. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari, na hakulificha jambo hilo.

"Karibu, Sista," alisema Fundi. "Umetukuta kwenye msiba wa mkate."

Muuguzi alinawa mikono, akafungua bandeji, akakitazama kidole kwa muda mrefu. Kilikuwa kimekuwa cheusi upande mmoja. Hakupenda alichokiona, na uso wake ulisema hivyo. Alisafisha, akafunga upya. Kisha akalichukua lile tofali, akalivunja, akalinusa.

"Fundi, hamira uliilisha nini?"

"Kuilisha?"

"Hamira ni kitu hai. Inakula sukari, inatoa hewa, na hewa ndiyo inayoumua unga. Sukari mbadala haiwezi kuila. Karanga na kitani vina chakula kidogo mno kwake. Unaiamsha kwa maji ya uvuguvugu na kijiko kidogo kimoja cha sukari ya kawaida. Maji yakiwa baridi, inalala. Yakiwa ya moto sana, inakufa."

"Lakini sukari nimeipiga marufuku humu ndani!"

"Sehemu kubwa ya kijiko hicho inaliwa na hamira. Kinachobaki kinagawanyika kwenye mkate mzima." Muuguzi alimgeukia mgonjwa. "Mzee, wewe ulikuwa hapa. Hukusikia anavyochanganya?"

Maji ya mvua yalidondoka kwenye ndoo barazani.

"Nilisikia," alisema mzee.

"Ulijua?" aliuliza Fundi.

"Nilijua tangu ulipofungua bomba."

"Na ukanyamaza?"

"Niliona ukishindwa, utachoka. Ukichoka, utanirudishia kikapu changu."

Fundi aliketi sakafuni. Muuguzi hakumkaripia mzee. Alivuta kiti, akaketi usawa wa macho yake.

"Baba, nikueleze bila kuficha. Mkate mweupe wa ngano, hata usipotiwa sukari, ni wanga mtupu. Wanga ukifika tumboni unageuka sukari. Sukari ikizidi kwenye damu, mishipa inaharibika, damu haifiki vizuri miguuni, na kidonda hakipati cha kujijengea. Hicho kidole nina wasiwasi nacho. Kesho lazima daktari akione. Mguu bado tunaweza kuupigania, lakini si kwa kikapu."

Mzee aliitazama bandeji. "Na huo mkate wenu ndiyo dawa?"

"Hapana. Dawa ni vile vidonge, na usiache hata siku moja bila daktari kusema. Mkate huu ni chakula tu. Unakula kipande kimoja chembamba, si mkate mzima. Halafu mnapima kama kawaida. Sukari ikianza kushuka, mnaiambia kliniki, maana huenda dozi ikapunguzwa. Ikishuka kupita kiasi nayo ni hatari. Ukitetemeka, ukitoka jasho jembamba, ukaona kizunguzungu, hapo unapewa sukari ya kawaida mara moja na unapelekwa kuangaliwa."

"Kwa hiyo niache sukari, lakini nisiiache mbali."

"Umenielewa kabisa."

Mzee alifikiri. Kisha akamtazama binti yake pale sakafuni, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Inuka, mama. Kesho tukitoka kwa daktari, niletee bakuli nikande mwenyewe. Wewe unakanda kama unayefua jeans."

Daktari alibadilisha dawa, akaagiza kidonda kikaguliwe kila wiki. Jumamosi iliyofuata bakuli liliwekwa mapajani mwa mzee. Alichovya kidole kwenye maji na kusema, "Yawe kama ya kuogeshea mtoto." Aliimwaga hamira na kijiko cha sukari. Baada ya muda mfupi povu lilipanda, na mzee alilitazama kama mtu aliyemwona rafiki wa zamani barabarani. Wakatia mayai, siagi, chumvi kidogo, sukari mbadala, mdalasini na iliki, kisha unga wa aina zote tatu. Alikanda mpaka ukawa laini na ukavutika bila kukatika.

"Sasa funika," aliamuru. "Usiguse mpaka ujae mara mbili."

Saa moja baadaye Fundi alichungulia. "Baba, mbona unga umesimama nusu?"

"Nani alikuwa mwokaji humu? Subiri."

Walisubiri. Unga ulikaa palepale nusu. Mzee akataka usogezwe karibu na jiko. Ulipanda kidogo, ukaanza kutoa harufu ya uchachu. Bado akasema subiri. Walipoutia kwenye oveni ulinywea katikati, na mkate ukatoka na shimo kama kofia iliyokaliwa.

Muuguzi alipokuja, Fundi alimsogezea sahani. Alilitazama lile shimo.

"Mlisubiri ujae mara mbili?"

"Ndivyo mkate unavyoumuliwa," alisema mzee.

"Wa ngano, ndiyo. Huu una karanga na kitani, ni mzito. Hauwezi kuibeba hewa nyingi. Ukiongezeka nusu, oka papo hapo. Mimi niliharibu mingi kabla ya kulijua hilo."

Mzee Hamira aligeukia ukutani. Kwa siku kadhaa hakutaka kusikia habari ya unga. Fundi alipima, akaandaa vidonge, akaenda kazini, akarudi. Kila aliporudi, jicho lake lilikwenda kwanza juu ya kabati. Kikapu kilikuwa palepale.

Jumapili moja, akiwa anapiga pasi, alisikia sauti kutoka kitandani.

"Mama."

"Naam, baba."

"Nusu, sivyo?"

"Nusu."

"Leta bakuli."

Safari hiyo mzee hakulitazama bakuli tu. Aliubonyeza unga kwa kidole. Shimo lilirudi taratibu, si lote. "Sasa," alisema, na unga ukiwa umeongezeka nusu tu uliingia kwenye oveni. Ulipotoka ulikuwa wa kahawia na umesimama. Fundi alitaka kukata hapohapo.

"Weka kisu chini. Mkate wa moto ukiukata, ndani unakuwa uji. Upoe kwanza."

Walipokata, kila mmoja alipata kipande kimoja. Mzee alitafuna huku amefumba macho.

"Si ule wa kwangu," alisema.

"Najua, baba."

"Ladha ya karanga imezidi. Punguza. Ongeza iliki." Akatafuna tena. "Lakini ni mkate."

Namba kwenye kipimo hazikuanguka siku moja. Zilishuka kidogokidogo, zikapanda, zikashuka tena. Kliniki ilipunguza dozi. Nyama nyekundu, yenye afya, ilianza kuota kwenye kidonda. Lakini ile sehemu nyeusi ilikuwa imekwishakufa.

"Mguu unabaki," alisema daktari. "Kidole kimechelewa. Hicho lazima kitoke."

Njiani kurudi, ndani ya teksi, mzee aliitazama barabara. Walipofika mtaani kwao ndipo aliposema, "Zile siku za kikapu."

Fundi hakumkatalia. Aliushika mkono wake tu, na mkono ule ulikuwa na unga kidogo chini ya kucha.

Kidole kilitolewa wiki ile. Kidonda kilifunga kabla ya mvua kuisha.

Muuguzi aliendelea na zamu zake, na jioni alikuja kukagua mguu hata pale ulipokuwa hauhitaji tena bandeji. Mwenye duka alianza kuuza unga wa karanga na mbegu za kitani, na mtu mwenye kisukari akiomba mikate mitamu, anamuuliza kwanza amepima lini. Fundi alirudi kwenye cherehani yake, na kila Jumapili anasaga kitani kwa ajili ya wiki nzima. Mzee Hamira aliomba kikapu kishushwe kutoka juu ya kabati. Alikifuta vumbi, akatandika kitambaa ndani, akaweka kipande chembamba cha mkate wake. Kisha akakiteremsha dirishani kwa mwenye duka, aonje, na akakaa akisubiri kamba ivutwe.