Viti vya Walioitika

Giza lilikuwa bado linasitasita kuingia pale Mama Chiriku aliposhuka ngazi kwenda dukani kununua bando. Filamu ya leo ilikuwa nzito, walishaonywa, na intaneti ya kuungaunga isingeiweza.

"Leo umechukua kubwa," muuza duka alimtania. "Unafungua kituo cha televisheni?"

"Tunaangalia filamu."

"Ya mapigano?"

"Ya viti."

Muuza duka akacheka, akidhani ni utani. Mama Chiriku alipokea chenji yake na kupanda ngazi taratibu. Hakuwa ametania, ndivyo walivyoelezwa.

Kikundi chao cha filamu kilikuwa cha watu wanne tu, na walikutana mtandaoni. Mwenyekiti alikuwa mzee aliyeonyesha filamu ukumbini miaka mingi, mpaka ukumbi ukageuzwa ghala la saruji. Mkutubi alikuwa mwanamke mpole wa maktaba ya chuo. Wa tatu, Daktari wa Meno, ndiye aliyemwingiza Mama Chiriku. Mama Chiriku alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, na makoti meupe ya daktari yalipita mikononi mwake kila wiki. Alipofiwa na mama yake, daktari alimkuta kazini siku chache tu baada ya maziko, ananyoosha kola, uso mkavu.

"Dada yangu, njoo kwenye kikundi chetu," alimwambia. "Tunaangalia filamu ambazo watu wenye akili zao hawaziangalii."

Tangu maziko yale hakuwa amelia. Majirani walimsifu kuwa ana moyo wa chuma, lakini yeye alijua si chuma. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi. Unauona, unajua ni wako, ukiubonyeza hausemi kitu. Alimpikia binti yake, alimsuka, alimkagua kazi za shule, na yote aliyafanya kama mtu anayemfanyia jirani.

Binti mwenyewe alikuwa darasa la pili. Alibatizwa Chiriku na bibi yake kwa sababu mdomo haukutulia. Aliongea na mswaki, aliongea na viatu. Lakini adabu alikuwa nayo. Ukimwita mara moja tu, popote alipo, utamsikia: "Abee, mama!" Mama yake alikuwa amemfundisha hivyo tangu anaanza kutamka maneno.

Filamu ile ilikuwa na urefu wa zaidi ya saa tisa, na Mwenyekiti alikuwa ameisaka nusu ya maisha yake. Ilipigwa zamani na mtu aliyezunguka nyumba za watu wakati wa machweo, akaweka kamera mbele ya mtu aliyekaa, asimwulize lolote. Hakuna muziki. Hakuna msimulizi. Waliikata vipande, kipande kimoja kila Jumamosi, saa ileile ya machweo iliyopigwa. Wote walibonyeza kwa pamoja, kila mmoja akionekana kwenye kidirisha chake pembeni mwa skrini, na sauti za vyumba vyao zikiwa wazi. Mwenyekiti alitaka awasikie wakipumua, kama ukumbini. Na kusimamisha kulikuwa marufuku.

"Ukumbini nani aliniambia nisimamishe?" alipenda kusema.

Wakabonyeza.

Mwanamke mzee amekaa, anafuma sweta. Dakika zinapita. Anafuma. Dirisha nyuma yake linazidi kuwa jeusi...

Kisha, nje ya picha, sauti ikaita.

Lugha ile hakuna aliyeijua. Hata hivyo kila mmoja alielewa kwamba ni mtu anaitwa, kwa jinsi neno lilivyovutwa mwishoni. Mwanamke aliinua kichwa, akajibu neno moja, akaweka sindano kando, akainuka na kutoka kwenye picha.

Kamera ikabaki na kiti.

"Atarudi?" Mkutubi alinong'ona.

"Subiri."

Walisubiri. Hakurudi. Picha ikakatika, kikaja chumba kingine, mwanamume anashona kiatu. Akaitwa. Akaitika. Kikabaki kiti. Kisha mwingine. Na mwingine.

Vinyweleo vya mikono ya Mama Chiriku vilisimama. Lilikuwa jambo la kwanza mwili wake kulisikia tangu msiba, na Mungu amsamehe, alilifurahia.

"Mwenyekiti," Daktari akasema, "hii ni filamu au ni kliniki yangu? Wanaitwa mmoja mmoja na hakuna anayetaka kurudi."

Wakacheka wote. Hata Mwenyekiti alikohoa kicheko.

Wakati ule kwenye filamu hapakuwa na mtu, ila kiti kitupu na ukuta. Na sauti ikaita tena. Safari hii walielewa.

"Daktari..."

Sauti ya mwanamke, ya kawaida kabisa, kama anayetaka kusaidiwa kufungua kopo.

"Naam!" Daktari akaitika, akitabasamu. "Mama watoto huyo. Nakuja."

Aliinuka. Kwenye kidirisha chake kiti cha magurudumu kilizunguka polepole, kikapunguza mwendo, kikasimama.

Walitazama viti viwili. Kimoja cha filamu, kimoja cha Daktari.

Hakurudi.

*

Katikati ya wiki, mke wa Daktari alifika dobi kuchukua makoti. Mama Chiriku alimkunjia taratibu.

"Kaka hajambo? Jumamosi alituacha tukimngoja."

Mwanamke yule aliangalia nyuma yake, kisha akasogea karibu na meza.

"Kazini anakwenda," alisema kwa sauti ya chini. "Meno anang'oa. Anakula, analala. Lakini ukimwita haitiki, wifi yangu. Utaita mpaka koo likauke. Mpaka umguse bega, ndipo anageuka, anakutazama vizuri tu, anakujibu. Hospitali wamempima masikio, mazima."

"Tangu lini?"

"Tangu hiyo Jumamosi. Nilirudi usiku nikamkuta amesimama sebuleni, taa hajawasha."

Mkono wa Mama Chiriku ulisimama juu ya koti. "Ulirudi? Hukuwa nyumbani wewe?"

"Nilikuwa kwa dada yangu toka asubuhi. Kwa nini?"

"Hamna," alisema. "Hamna kitu, wifi."

Jioni ile aliandika kwenye kikundi kuuliza habari za Daktari. Mwenyekiti alijibu kwamba ni uchovu wa kazi, na Jumamosi iko palepale. Mkutubi alijitoa kwenye kikundi bila kuaga.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mama Chiriku naye alijua kwamba angeishia hapo kama woga ungekuja. Aliungoja kama mtu anavyongoja maji bombani. Bomba lilikoroma, halikutoa tone. Alichokuwa nacho ni hamu ndogo tu, ya aibu, ya kusikia tena vinyweleo vikisimama.

Lakini alikuwa mama, na ganzi haikumpokonya akili. Alinunua hedifoni, ili chochote kitakachosemwa mle kiishie masikioni mwake. Jumamosi ilipofika alimkalisha Chiriku kwenye mkeka na kalamu za rangi, akageuza kompyuta itazame ukuta aliouegemea mwenyewe.

"Mama, unaangalia nini?"

"Vya wakubwa. Chora."

"Nimchore bibi?"

"Mchore."

"Bibi alikuwa na meno mangapi? Nimchore anacheka au amenuna? Mama, waliokufa wananuna?"

"Chiriku."

"Abee."

"Chora kimya, mwanangu."

Walikuwa wawili tu, yeye na Mwenyekiti. Filamu ilionyesha kiti kitupu, na kwa muda mrefu haikuonyesha kingine. Nje, mvua ikaanza ghafla. Sare za shule za Chiriku zilikuwa zimeanikwa kibarazani, nyuma ya jiko. Alivua hedifoni, akaziweka mezani zikiwa zimechomekwa, akatoka mbio. Hakusimamisha. Ilikuwa marufuku, na tena, ni kiti tu.

Kibarazani alinyofoa vibanio haraka. Sketi. Soksi. Ikamjia harufu ya nguo iliyosahauliwa majini, ile ya beseni lililokaa siku nyingi, ingawa sare zilikuwa safi zinanukia sabuni...

Ndani, mtu akaita.

"Chiriku!"

Kila mtu hushangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka mahali pengine. Kwanza huikataa. Mama Chiriku hakuikataa. Ilikuwa sauti yake, lakini ile ya zamani, ya kabla ya msiba, yenye joto, yenye kicheko kidogo nyuma yake. Kwa miezi mingi mtoto hakuwa ameisikia.

"Chiriku! Njoo, mwanangu..."

Alitupa nguo chini, akapita jikoni, akajigonga nyonga kwenye meza, akafika.

Mtoto alikuwa amesimama mkekani, uso umeelekea kwenye kompyuta. Mdomo wazi.

Alimziba kwa kiganja. Alimziba kwa nguvu, akamvuta kifuani, na kwa mkono mwingine akafunga kompyuta. Mvua ikabaki inapiga bati la jirani. Hedifoni zilikuwa palepale mezani, zimechomekwa.

"Umeitika?" alimnong'oneza sikioni. "Niambie mama. Umeitika?"

Chiriku alitikisa kichwa kwamba hapana.

"Kweli?"

Alitikisa tena kwamba kweli. Mtoto akiona mama yake anatetemeka, hujibu lile analodhani litamtuliza. Mama Chiriku alilijua hilo. Alitaka kuuliza mara ya tatu, akashindwa.

Alimpigia Mwenyekiti simu akiwa amejifungia chooni.

"Mzee wangu, hiyo sauti ni ya nani?"

Mzee alikohoa, akasogeza kiti.

"Mwenyekiti!"

"Aliyenipa nakala ni mjane wa mpiga picha," mzee alisema hatimaye, kwa unyonge. "Aliniambia waliokuwepo hawakusikia mtu akiita. Waliona tu watu wanaitika wenyewe na kuondoka. Ile sauti waliikuta ndani ya filamu baadaye. Akaniambia, ukiiangalia, izime sauti."

"Na hukuizima."

"Filamu nimeitafuta miaka yote hiyo, mwanangu. Niiangalie bubu?"

"Na wewe haijakuita?"

"Naishi peke yangu," mzee alisema. "Hakuna sauti ya mtu nyumbani kwangu ya kunidanganya nayo. Nadhani ni hivyo. Sijui."

Akakata simu. Kikundi hakikukutana tena.

Usiku ule Mama Chiriku alimpakata binti yake na kumfundisha upya, kwa upole, kama alivyomfundisha mara ya kwanza.

"Kuanzia leo, ukisikia unaitwa, usiitike. Hata ikiwa ni mimi. Mwenye haja na wewe atakuja akuguse. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Na akatii. Wiki iliyofuata mwalimu alimwita mama shuleni, akalalamika kwamba mtoto haitiki jina lake kwenye mahudhurio, mpaka afuatwe dawatini. Mama Chiriku aliomba radhi, akasema ni jambo la nyumbani. Mwalimu akaongeza, kwa kusita, kwamba siku hizi ametulia sana darasani. Amekuwa mtoto mzuri.

Jana, jua likizama, Chiriku alikuwa mkekani anachora. Mama yake alisimama mlangoni, nguo za kupiga pasi mikononi, akamtazama kisogo. Alitafuta sauti ile ya zamani, yenye joto. Akaipata kidogo.

"Chiriku."

Kalamu iliendelea kwenda na kurudi juu ya karatasi, taratibu, bila kusita.

Anatii, alijiambia. Nimemfundisha mwenyewe, na anatii.

Ilikuwa hatua chache tu kumfikia na kumgusa bega. Alibaki mlangoni mpaka chumba kikawa giza.