Chumba cha Watu Wawili

Sauti iliyopokea simu ilikuwa ya dada mwenye adabu za kufundishwa kazini. Alichukua namba ya kadi, akaiingiza kwenye kompyuta, kisha akasema kwa uchangamfu, "Karibu tena, mama. Tukuandalie chumba kama unavyopenda siku zote? Mito miwili ya pamba, na kile kioo kikubwa kiondolewe ukutani?"

Mama Pazia alitoa simu sikioni akaitazama, halafu akairudisha.

"Siku zote zipi, dada? Mimi kwenu sijawahi kulala hata usingizi wa mchana."

Vidole vya dada vikasikika vikigonga kompyuta upya. "Samahani, mama. Hapa naona mmelala nasi mara themanini na nane, wewe na mumeo. Kila mara chumba cha watu wawili."

Mama Pazia alikuwa fundi wa mapazia, na jina hilo alipewa na wateja wake. Madirisha ya watu wenye nafasi yalikuwa yamejaa kazi ya mikono yake, na mengine yalitazama bahari. Yeye mwenyewe bahari aliiona akiwa juu ya ngazi, pini mdomoni. Mumewe, ambaye wafanyakazi wenzake walimbatiza jina la Mifupa, alikuwa akizunguka mji hadi mji kutengeneza mashine za eksirei za hospitali, na kila alipokwenda alilala katika hoteli za kampuni moja yenye matawi kila mahali. Hoteli hizo zilimpa kadi ya wateja waaminifu, na kila akilala pointi ziliongezeka. Sasa zilikuwa zimetosha kulala siku tatu katika ile hoteli yao kubwa kuliko zote, ufukweni, bila kutoa hata senti.

Miaka kumi na miwili ya ndoa, na fungate walikuwa hawajaiona. Kwa mwezi mzima Mama Pazia alilala akipanga na kuamka akipanga: ghorofa ya nne ili upepo uingie vizuri, gauni la kijani la kuvaa asubuhi, viatu vya wazi. Siku ile alipiga simu kuhakikisha tu.

Wivu haukumjia taratibu. Ulimpanda kwa mara moja, kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Jioni Mifupa aliporudi kazini, alimkuta mkewe na wifi yake wamekaa sebuleni bila kuwasha televisheni, na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa uko mezani.

"Mama Pazia, kwema? Mbona mmenikalia kama baraza?"

"Nani anapenda mito ya pamba?"

"Mito gani tena?"

"Kaka," wifi alidakia, "sema mapema. Njia ya mwongo ni fupi, na mkasi wenyewe unauona."

Mifupa alisikiliza habari ya simu hadi mwisho, kisha akacheka. Akavuta kiti, akaeleza. Mtu akilala peke yake alipata pointi mia moja. Mume na mke wakilala pamoja walipata mia tatu. Basi yeye akawa anaandika wawili.

"Nawaambia watu wa mapokezi kwamba mke wangu yuko njiani. Nikiingia chumbani, kama kuna mhudumu anapita nje, nasema kwa sauti, 'Mke wangu, nimefika!' Asubuhi naomba chai vikombe viwili. Ndiyo hivyo tu. Nilikuwa nakuchumia wewe, jamani."

"Na mito? Na kioo? Nani aliyasema hayo?"

Mifupa akatazama sakafu. "Hayo sijui."

"Eti kaka yangu kapewa kadi ya uaminifu!" wifi alisema. "Hao waliompa hawamjui." Akacheka peke yake.

Mwanamke mwingine angesusa safari. Mama Pazia aliona kususa ni kumwachia mwenzake uwanja. Akafunga sanduku, akatia na lile gauni la kijani, akaapa moyoni kwamba kila mpokea wageni, kila mhudumu, kila mpishi mwenye hereni atamtazama machoni mpaka huyo mpenda mito ajulikane. Njia nzima hakumsemesha mumewe. Mifupa naye hakujitetea. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri na kujipulizia manukato, na hilo nalo Mama Pazia aliliweka moyoni.

Walifika saa nane mchana. Mapokezi palikuwa na sakafu inayong'aa, baridi ya kiyoyozi, na bahari nyuma ya kioo kirefu. Dada wa mapokezi alimwona Mifupa, uso ukamchanua.

"Karibu tena, bwana! Mkeo ameshapanda. Alifika saa sita, akachukua ufunguo." Halafu macho yake yakamfikia Mama Pazia na sanduku lake, tabasamu likasita. "Na huyu... ni mgeni wenu?"

"Chumba namba ngapi?" Mama Pazia aliuliza, kwa upole ambao wateja wake wanaochelewesha malipo waliujua na kuuogopa.

Alipanda ngazi kwa miguu, ghorofa zote nne, kwa sababu lifti alihisi itamchelewesha. Mifupa alimfuata na sanduku. Koridoni palikuwa na zulia zito lililomeza vishindo vyao. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa tu, na kwa ndani maji ya bafuni yalikuwa yakimwagika, mtu anaoga, tena akiimba kwa kuvuta pumzi, wimbo usio na maneno.

"Nimemshika," Mama Pazia alinong'ona. Akasukuma mlango.

Maji yakafungwa. Alisikia bomba likikazwa, mzunguko mmoja, wa pili, kama afanyavyo mtu asiyetaka kupoteza hata tone. Harufu ikamjia puani, ya waridi lililokaa sana kwenye maji. Chumba kilikuwa na giza ingawa nje jua lilikuwa kali, maana mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Alifika bafuni kwa hatua tatu. Hapakuwa na mtu. Mvuke ulikuwa umejaa, taulo moja imelowa, na pale ukutani palipostahili kuwa na kioo palikuwa na alama nyeupe ya mahali kilipobanduliwa. Sakafuni nyayo ndogo za maji zilitoka bafuni na kumpita ubavuni, zikaelekea kitandani. Aligeuka kuzifuata kwa macho, akaona ya mwisho ikijichora yenyewe juu ya zulia, kisigino kwanza, halafu vidole, taratibu.

Akakimbilia dirishani, kwa kuwa jambo la kwanza ambalo mikono yake ilijua kulifanya katika chumba chochote ni kufungua pazia, akashika pande mbili pale katikati zinapokutana, akavuta, zisiachane, akavuta tena kwa nguvu zote, zisiachane, akapapasa kwa vidole ambavyo kwa miaka ishirini havikuwahi kukosea mshono, vikakuta kwamba pande hizo mbili zimeshonwa pamoja tangu juu hadi chini, mshono wa mkono, mdogo, uliokaa sawasawa kuliko wowote aliowahi kuushona yeye, na uzi wake ulikuwa laini, mweusi, una mafuta kidogo, na alipoukata mmoja kwa kucha na kuuleta karibu na macho aliona kwamba ni unywele, unywele mrefu wa mwanamke, na ule uliobaki kitambaani ukajivuta wenyewe ukalifunga tundu alilolifungua.

Aibu iliyoje! Katikati ya hofu ile, kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa wivu wa kazi. Mshono ulimshinda.

"Mifupa," aliita kwa sauti ndogo. "Tutoke."

Mumewe alikuwa ameketi kitandani, upande wa kushoto, akivua viatu. Nyumbani siku zote alilala kulia. Upande wa kulia godoro lilikuwa limebonyea.

Mama Pazia akapiga ukelele.

Aliyeufuata ukelele huo alikuwa mwanamke wa makamo akisukuma toroli la nguo za vitanda. Pale hotelini walimwita Mama wa Mashuka, na chumba kikiwakataa wageni, yeye ndiye aliyeitwa, ingawa wakubwa walijifanya hawajui. Alisimama kizingitini, akanusa, akaondoa kilemba akakifunga upya kwa kukaza. Swali lake la kwanza alimuuliza Mifupa.

"Ulimwita mara ngapi?"

"Themanini na nane," Mifupa alijibu.

"Ukimwita nani?"

"Mke wangu."

Mama wa Mashuka akatikisa kichwa. "Huyu hakuvamia, wanangu. Alialikwa. Kiumbe asiye na kwao umwite mke mbele za watu, umwagizie chai, umtandikie kitanda, halafu useme ni utani? Wenzetu hawana utani."

Hapo, Mungu amsamehe, Mama Pazia alipata nafuu. Jini! Basi hakuna mwanamke. Hakuna wa kumfanya achekwe sokoni. Karibu atabasamu. Lakini alimtazama mumewe, akaona kwamba yeye peke yake humo ndani ndiye asiyeogopa.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Si mwanzoni," Mifupa alisema polepole. "Mara ya kumi hivi, nikakuta chai imeshamiminwa. Nikadhani ni mhudumu. Kisha shati limepigwa pasi. Kisha nikawa nikizungumza, nasikia mtu ananisikiliza. Mama Pazia, mimi nashinda na mashine na picha za mifupa. Nikirudi nyumbani wewe uko na cherehani, hata hunyanyui kichwa. Unaniambia chakula kiko jikoni."

"Nilikuwa nafanya kazi!"

"Najua."

"Acheni hayo," Mama wa Mashuka alinong'ona, kwa maana upande wa kulia wa kitanda ulikuwa umeinuka, na ubonyevu mwingine umetokea karibu zaidi na Mifupa. "Anawasikia. Bwana, sikiliza. Uliyemwita kwa mdomo wako utamtoa kwa mdomo wako. Sema mara tatu kwamba humtaki, na uwe kweli humtaki. Wewe mama, shika mlango uwe wazi ili apate pa kupitia. Ukifungwa kabla ya mara ya tatu, mimi tena sina dawa."

Mama Pazia aliushika mlango kwa mikono miwili, mguu mmoja chumbani, mmoja koridoni. Hakuwahi kushika kitu chochote namna ile. Gauni la kijani, bahari, ghorofa ya nne, vyote vilimtoka akilini. Alimtaka mumewe, huyo huyo mwenye soksi zilizotoboka, na alimtaka peke yake.

"Sikutaki," Mifupa alisema.

Pazia likatetemeka. Nyuzi zikakatika moja moja kutoka juu, na mwanga wa bahari ukaingia kama kidole.

"La pili," Mama wa Mashuka alihimiza.

"Sikutaki."

Mwanga ukafika sakafuni. Harufu ya waridi ikapungua, na badala yake kukaja upepo wa chumvi. Halafu ikasikika sauti kutoka kitandani, ndogo sana, ya mtu anayelia akijiziba mdomo ili asimsumbue aliyelala karibu yake.

"La tatu, bwana! Upesi!"

Mifupa alifungua mdomo. Akautazama upande wa kulia. Akaufunga mdomo tena.

"Mume wangu," Mama Pazia alisema, "sema. Nakuomba. Nitaifunika hiyo cherehani. Nitakaa nawe tuzungumze mpaka unichoke."

Mifupa akainuka. Alitembea peku hadi mlangoni, akasimama mbele ya mkewe karibu kiasi cha kumbusu, na kwa sekunde moja Mama Pazia alidhani kwamba anatoka. Lakini Mifupa alianza kuvitoa vidole vyake mlangoni, kimoja kimoja, kwa utaratibu wa mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto.

"Hana mwingine," alisema.

"Na mimi je?"

Mifupa alikitoa kidole cha mwisho. Msukumo wa mkono wake ulikuwa mwepesi, wa kumsogeza tu, kisha mlango ukajifunga na kufuli likalia. Mama wa Mashuka akauchomeka ufunguo wake unaofungua vyumba vyote. Ukazunguka nusu, ukazuiwa na mkono ulio upande wa pili. Akauchomoa, akalishika toroli lake, akaanza kurudi kinyumenyume koridoni huku midomo ikimtetemeka kwa dua.

Mama Pazia alibaki. Aligonga kwa ngumi, akagonga kwa kiatu. "Hodi! Hodi humo ndani!"

Nyayo zikasogea mlangoni. "Nani?" ikauliza sauti ya mwanamke, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila tamu kidogo, isiyo na uchovu.

"Mimi! Mke wake!"

Ndani, pazia likavutwa likafungwa. Halafu alimsikia Mifupa. Miaka yote hiyo alimwita Mama Pazia, kama walivyomwita wateja, na Mama Pazia hakuwahi kujua kwamba mumewe anayo sauti nyingine, ya chini, yenye subira na mahaba, sauti ambayo angefanya lolote duniani aisikie ikimwita yeye.

"Achana naye, mke wangu," Mifupa alisema. "Rudi ulale. Atachoka, ataondoka."