Chungu Kibichi cha Raheli

Siku mfinyanzi Raheli alipozikwa kule Mbaga, chungu chake cha mwisho kilikuwa kibichi bado, kinakauka jikoni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukichoma. Binti yake, Wema, alichukua vyungu vilivyokwisha kuchomwa akateremka navyo Same siku ya soko.

Basi la Moshi lilikuwa limesimama na watu wanasukumana. Kijana mwenye suruali ya bugaluu na shati lenye madoa ya rangi akachutama mbele yake, akaokota vigae vya chungu kilichovunjika njiani.

"Dada, hivi unauzaje?"

"Vigae? Kaka, una akili timamu?"

"Nusu. Nusu nyingine niliiacha Tukuyu."

Wema akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Kijana huyo, Lugano, alichora vibao vya maduka. Lakini chumbani kwake kulikuwa na kazi nyingine: mbao alizobandika nyuzi za katani, vigae, magome na vipande vya kanga, zikawa picha. Kila picha ilikuwa heshima kwa fundi aliyekufa: mchonga vinu, msuka mikeka, mhunzi wa Ugweno. Chini aliandika jina la marehemu. La kwake hakuliandika.

"Na mama yangu je?" Wema aliuliza jioni moja. Walikuwa wameshazoea kuitana mpenzi.

"Nionyeshe mkono wake, mpenzi."

Akamletea kile chungu kibichi. Alama za vidole vya Raheli zilikizunguka chote.

"Kitazame tu. Jumapili nitakuja kukichoma mwenyewe. Ndicho nilichobaki nacho."

Lugano, aliyekulia kwenye masufuria asijue udongo mbichi, alikiona kina vumbi la safari. Akataka kumfurahisha mpenzi wake. Akakitia kwenye karai la maji, akaanza kukiosha. Kitako kikalainika, tumbo likafuata, likawa tope mikononi mwake.

Wema alipofika alilitazama karai.

"Umemwosha mama yangu mpaka kaisha," akasema. Akapanda treni kwenda kwa shangazi yake, Lembeni.

Wiki zikapita. Lugano akaenda posta, akapiga simu duka la ushirika la Lembeni. Wema akaitwa.

"Haloo? Nani?"

"Mwosha vyungu."

Wema akataka kukata simu.

"Usikate, Wema! Lile tope sijalimwaga."

"Hujalimwaga?"

"Hata tone. Njoo Sabasaba, kuna maonyesho ukumbini. Ukishaona, ndipo unichukie vizuri."

Akaja, amevaa gauni la bluu na kanga ya marehemu mabegani. Ukutani kulikuwa na mikono miwili ya udongo uliochanganywa na katani usipasuke. Mikono hiyo ilishika kipande cha mdomo wa chungu, kipande pekee ambacho maji hayakukifikia. Chini: *Raheli, mfinyanzi, Mbaga.*

Wema akaweka kidole gumba kwenye alama ya mama yake. Kikaenea.

"Ningekichoma, ningepikia maharage," akasema polepole. "Siku moja kingevunjika. Asante, Lugano."

"Nisamehe kwanza."

"Nimeshasamehe. Ninashukuru sasa."

"Basi nipeleke kwa mjomba wako, nikaseme ninalotaka kusema."

"Twende. Ila ukifika, usiguse chombo chochote!"

Siku hizi Wema anafinyanga nyuma ya nyumba yao Same, kwa udongo wa Mbaga. Lugano hutafuta kuni za kuchomea. Vyungu vibichi anavishika Wema peke yake.