Mrija Mdomoni mwa Aliyefunga

Matano alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya maabara, macho wazi, mrija wa kioo umebanwa baina ya meno. Amonia ilinuka mpaka machozi yanakutoka. Ilikuwa alasiri, siku ya kumi ya Ramadhani, mwaka 1974, na Inspekta Saburi wa Kilindoni koo lilikuwa limemkauka kwa saumu.

"Shikamoo, Ndugu Inspekta," alisema Muhidini, mwalimu wa kemia.

"Marahaba. Nani kamkuta?"

"Mimi, baada ya kipindi. Mtunza maabara wetu, maskini! Kanyonya amonia kwa mrija ili aipime, ikampita kooni. Nimemkataza mara ngapi!"

Saburi alichuchumaa. Alimjua Matano: mwadhini wa Kiegeani, mtu mpole. Miezi miwili nyuma, mwanafunzi Mwanahija alimwaga maji kwenye tindikali humu humu, ikamrukia na kumpofua jicho, na lawama zote akabebeshwa Matano. Kesho afisa wa elimu alikuwa anakuja kwa ndege kusikiliza shauri hilo.

"Leo alifunga?"

"Ah, huyo! Hata mate alikuwa hamezi."

"Mate hamezi, halafu anyonye dawa mchana kweupe?"

Mtu aliyefunga asingelikosea hapo hata usingizini. Saburi akamtazama mwalimu vizuri: kwenye sharubu paling'ang'ania chembe ya muhogo. Lo! Kumbe kobe, mla mchana kwa kificho!

Tabibu Abeid, aliyefuatana na Saburi, alimulika kinywa cha maiti. "Ulimi mzima, haujababuka. Hakunyonya kitu, Inspekta. Kavuta mvuke. Na tazama kucha hizi."

Chini ya kucha mlikuwa na rangi ya kijani. Mlango wa stoo ya kemikali, chumba kisicho na dirisha, ulikuwa wa kijani. Saburi akaufungua. Upande wa ndani ulikuwa umeparuliwa vibaya, na sakafuni kulikuwa na vigae vya chupa. Komeo lilikuwa nje.

"Mwalimu, nani alimwambia Mwanahija amwage maji kwenye tindikali?"

Muhidini aliinama, akaanza kuokota vigae.

"Nakuuliza wewe!"

"Mimi. Tindikali ndiyo humiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Nilikuwa na haraka, nikasema kinyume. Matano alisikia. Nilimwomba anisitiri, akanisitiri. Jana akaniambia hawezi kusema uongo na saumu yake. Ningefukuzwa, Inspekta. Ningefungwa."

"Ukafanyaje?"

"Nilimtuma stoo. Nikaivunja chupa ya amonia miguuni pake, nikatia komeo. Baadaye nikamtoa, nikamtia mrija mdomoni."

"Hakugonga?"

"Aligonga."

"Na darasa liko nyuma ya ukuta huu. Watoto hawakusikia?"

Muhidini alianza kulia. "Nilikuwa nawafundisha kanuni za usalama wa maabara. Nikawaambia waitikie wote kwa pamoja. Kila akigonga nawaambia tena, kwa nguvu. Mpaka akaacha."

Saburi alimtia pingu mwenyewe, akazibana kupita kiasi, na wala hakujali. Hasira ilimjaa kifuani.

Nje, Mwanahija alisimama na wenzake, jicho moja limefungwa kitambaa.

"Na wewe ulikuwemo darasani mchana?" Saburi alimuuliza.

"Nilikuwemo, baba. Mwalimu alinisifu mbele ya wote. Alisema nimeitikia kwa sauti kubwa kuliko wenzangu."