Mama Mkubwa Aliyewekwa Siku ya Tano

Jirani zangu, na ninyi wa mbali mnaopenda kusafirisha wazazi wenu, sogeeni niwaambie jambo la kuchukiza lililotokea kwenye ngazi yetu, jengo la tatu, mtaa wa kiwanda cha zamani hapa Kunming. Sitalipaka sukari. Mimi ni Pu Caixian, nauza tambi za mchele getini, na mdomo wangu mnaujua.

Mwezi wa tisa mambo yalikuwa shwari kabisa. Mvua ilikuwa imepungua, jua la asubuhi linapiga ukuta, na Mama Yuzhen amekaa kwenye benchi langu ananimenyea vitunguu saumu. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alitoka Shenyang, kule kaskazini mwa China, akiwa binti wa miaka ishirini, kiwanda chao kilipohamishiwa huku juu milimani. Alirudi kwao mara moja tu, kumzika mama yake, na tangu hapo ilikuwa imepita miaka thelathini na mmoja. Mume alikufa, mtoto hakujaliwa. Aliyebaki duniani ni mdogo wake mmoja kule Shenyang, Yufen, ambaye masikio yalikuwa mazito hata simu haimfai kitu. Basi wale dada wawili walikuwa wakitumiana salamu kupitia mtoto wa Yufen, na mtoto huyo ndiye balaa lenyewe.

Siku hiyo simu ikalia. Mama Yuzhen akaniomba niiweke sauti kubwa.

"Mama Mkubwa, shikamoo! Ni Haibo!"

"Marahaba mwanangu. Mama yako mzima?"

"Mzima sana. Namleta huko! Mwisho wa Novemba, majani yakigeuka dhahabu. Siku tano, nimeshapanga kila saa."

Vitunguu vyote vikamwagika chini. "Unamleta Fen? Fen mwenyewe?"

Akalia pale pale bila kuona haya, nami nikalia naye kama mjinga.

Sasa huyu Haibo ni nani? Ni mtu mzima wa miaka arobaini na sita, kitambi mbele, simu kwenye fimbo. Ana ukurasa wake unaoitwa Mwana Mwema na Mama Yake. Humo humpiga mama yake picha za video akila, akilia, akivishwa mitandio, na watu wanammiminia mioyo myekundu. Baba yake alipolala kitandani miaka sita, nani alimwosha? Yufen. Mwana mwema alikuwa akija sikukuu kwa sikukuu na kikapu cha matunda, anakaa kidogo, anatazama saa. Mzee alipokufa ndipo alipogundua kwamba mama mzee anatazamwa na watu wengi. Upendo wa mama ukamwingia ghafla kama mafua.

Alipobandika ratiba ya safari ukurasani, nilimsomea Mama Yuzhen. Siku ya kwanza, ziwani na ndege shakwe. Siku ya pili, vilima vya juu ya ziwa kuu. Siku ya tatu, soko la maua. Siku ya nne, mtaa wa majani ya dhahabu, mama akiwa amevaa nguo za kukodi za makabila ya huku. Siku ya tano, na hapa aliandika kwa herufi kubwa: DADA WAWILI WAKUTANA BAADA YA MIAKA 31. LETENI LESO.

"Siku ya tano?" akauliza Mama Yuzhen. "Umesoma vizuri?"

"Nimesoma vizuri."

Akanisihi nimpigie Haibo. Na yule bwana wala hakuumauma maneno.

"Mama Mkubwa, mkilia siku ya kwanza, siku nne zilizobaki watu watatazama nini? Machozi huwekwa mwisho. Na tafadhali usije kututafuta. Nataka mwonane mara ya kwanza mbele ya kamera. Ukiniharibia hapo, safari yote bure!"

"Haya, mwanangu," akasema. Simu ilipokatika akaniambia, "Yeye ndiye mwenye safari. Kijana anajua mambo yake."

"Kijana gani, ana mvi hadi puani!"

Akanicheka. Lakini alitii. Watu wa umri ule wametii maisha yao yote, na wajanja kama Haibo wanalijua hilo.

Nisisitize jambo moja hapa msije mkasema sikusema. Mama Yuzhen alikuwa na shinikizo la damu. Daktari alimkataza wazi kuhangaika na ngazi, na anakaa ghorofa ya nne, lifti hatuna. Wiki mbili kabla ya wageni alianza kufua mapazia. Akapanda kwenye stuli kusugua dirisha. Nikamkaripia, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Vidonge vyake akawa anavisahau kwa furaha.

Jumatatu wakatua. Kwao kaskazini mgeni anayefika hulishwa tambi za ngano, na anayeondoka hulishwa sambusa za kuchemsha. Basi Jumatatu hiyo Mama Yuzhen aliamka akakanda unga, akakata tambi kwa kisu, akavaa koti lake jekundu, akashuka ngazi zote kuja kukaa kwenye benchi langu akiangalia geti.

"Mama, si siku ya tano?"

"Huenda Fen akamkatalia. Fen tangu mdogo ni mkaidi."

Hadi mchana Fen hakuja. Tambi zikalainika, tukazila mimi na yeye. Alasiri nikafungua simu, naye akaishika kwa mikono miwili. Huyo hapo Yufen, ziwani, shakwe wanamzonga, mwanawe anapiga kelele kwa nyuma, "Mama, inua mkate juu! Juu zaidi!"

"Amekonda," akasema Mama Yuzhen. Akagusa kioo. "Hapo ni kwenye daraja. Jumapili nilikuwa naenda hapo na mume wangu kwa miguu."

Jumanne hivyo hivyo. Unga, tambi, koti jekundu, ngazi kushuka, ngazi kupanda. Jumatano nikamwambia, "Mama, nifunge duka, tupande teksi twende sokoni kwenye maua, tumkamate huko huko."

"Nimponze Fen kwa mwanawe? Ameniomba, nimekubali. Zimebaki siku mbili tu."

Nami nikanyamaza. Na sikunyamaza kwa heshima, jamani, msinipambe. Shetani alikuwa kwangu pia. Nilikuwa nimeshabonyeza mioyo myekundu siku zote tatu, na kwa siri nilitaka kuiona hiyo siku ya tano, niione leso yangu inavyolowa.

Alhamisi, siku ya nne, hakushuka. Ilipofika saa tatu na nusu nikapanda. Mlango haukufungwa. Nilimkuta sakafuni jikoni, mikono ina unga hadi viwiko, mdomo umepinda upande mmoja, anapumua kwa kukoroma. Nikapiga kelele, vijana wa ghorofa ya pili wakambeba, tukamfikisha hospitali. Daktari akasema ni kiharusi kikubwa, damu imevujia kichwani. "Kama ana ndugu, waje sasa hivi."

Nikampigia Haibo. Akakata. Nikapiga tena. Akakata. Alikuwa hewani moja kwa moja, simu hiyo hiyo ndiyo kamera yake. Nikaingia ukurasani, nikaandika pale chini wanapoandika watazamaji: "Haibo, mama yako mkubwa ameanguka, yuko hospitali, mlete mama yako upesi."

Mnajua alifanya nini? Alisoma. Nilimwona macho yakipita juu ya maneno yangu. Akatabasamu, akasema, "Kuna mtu anataka kutuharibia utamu wa kesho," akanifungia. Sikuweza kuandika tena. Mtu mzima ovyo!

Lakini mpuuzi alikuwa ametangaza ratiba yake dunia nzima. Saa nne na nusu, mtaa wa majani ya dhahabu. Nikaruka kwenye teksi.

Niliwakuta. Yufen, bibi wa miaka sabini na sita, amevikwa kilemba cha shanga na kengele, anahema maana hewa ya kwetu huku ni nyepesi, na mwanawe anamtupisha majani juu.

"Tena mama! Mara ya mwisho! Cheka, cheka kwa macho!"

Nikamshika bibi mkono. Nikamkaribia sikio, nikapiga ukelele hadi watu wakageuka: "Mimi ni jirani wa Yuzhen! Yuzhen anaumwa!"

Lile jina akalisikia. Majani yakamtoka mkononi.

"Wee mama vipi?" Haibo akanirukia. "Unaniharibia! Watu elfu tisa wanatazama!"

"Na wakutazame vizuri," nikamwambia. "Wakuone ulivyo. Dada wa mama yako yuko mahututi na nimekuandikia ukanifungia."

"Nilidhani ni utani wa..."

"Kaa na kudhani kwako."

Nikamwingiza bibi kwenye teksi. Alikivua kile kilemba, akakiweka miguuni. Akaniuliza, "Tutafika jioni?"

"Jioni ya nini?"

"Haibo alisema kwa dada ni nje ya mji, mwendo wa saa tatu. Ndiyo maana tulikuwa tunangoja siku ya kwenda."

Hapo hapo teksi ikasimama. Tulikuwa tumetumia dakika kumi. Nikamwonyesha hospitali, kisha paa la jengo letu mtaa wa nyuma yake. Akasimama kando ya barabara, akaanza kuhesabu vidole kwa sauti: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nilimwona uso wake ukibadilika, na sitamani kuona tena uso wa mzazi ukimjua mwanawe namna ile.

Mama Yuzhen alikuwa amelala macho wazi, lakini macho hayakumfuata mtu. Yufen akamshika mkono wenye unga.

"Dada. Dada, ni Fen. Nimekuja."

Akainama, akaweka sikio lake kwenye midomo ya dada yake ili asikie jibu. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Amesema nini? Mimi sisikii vizuri. Amesema nini?"

Ilinibidi nipige kelele wodi nzima isikie: "Hajasema kitu, mama! Hajasema kitu!"

Na mwana mwema yuko wapi? Mlangoni, fimbo mkononi, ananong'oneza: "Ndugu watazamaji, wakati mgumu sana kwa familia yetu..." Yufen hakusikia, ila aliona.

"Zima," akasema.

"Mama, watu wanamwombea Mama Mkubwa."

"Nimesema zima. Umenidanganya nikacheka na ndege siku nne, dada yangu akiningoja mtaa wa pili. Nenda kwako."

Muuguzi akamtoa kwa kumsukuma. Jumamosi alipanda ndege kama alivyopanga, eti tiketi haibadilishwi. Ile video ya wodini akaibandika, na muziki wa huzuni juu yake. Ilitazamwa kuliko zote alizowahi kubandika. Watu wakaandika, "Mungu akubariki, mwana mwema." Ptuu!

Mama Yuzhen alikata roho siku ya tisa tangu aanguke. Hakumjua mdogo wake hata kidogo. Yufen alimwosha, akamvika lile koti jekundu, na hakurudi Shenyang. Anakaa ghorofa ya nne sasa. Simu ya mwanawe ikilia hunikabidhi mimi. "Mwambie sisikii," husema, na hiyo ndiyo simu pekee ninayofurahia kuijibu.

FUNZO LA KISA HIKI

Wazee wetu si maua ya kupigia picha. Ukimsafirisha mzazi, muulize anataka kumwona nani, na umpeleke kwa huyo kwanza, mizigo ikiwa bado mkononi. Ziwa lipo, vilima vipo, majani ya dhahabu yatarudi mwakani. Binadamu wa miaka themanini hawekwi akiba kwa siku ya tano. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii iliua. Na anayemtunza mzazi kwa ajili ya macho ya watu, hajamtunza. Anajitunza mwenyewe, na mzazi ni nguo aliyoikodi.

Lakini msimtupie Haibo mawe yote mkaenda kulala. Bila watazamaji asingekuwa kitu. Mioyo ile myekundu iliyomnenepesha, mingine niliibonyeza mimi. Nilikuwa na miguu mizima, nilikuwa na nauli ya teksi, na siku tatu nzima nilimfungulia Mama Yuzhen simu amtazame mdogo wake.