Ndoo Iliyopigwa Teke

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imefika barabarani, na mashine imekwama, siku Kamusi alipokutana na mpokezi. Kamusi alikuwa mwalimu wa Kiingereza cha jioni, shati jeupe lenye chaki mikononi. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, naye alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Mpokezi alifanya kazi ya mapokezi kwenye kampuni ya mizigo mtaa wa pili. Alivaa gauni la kijani, na viatu kavishika mkononi kwa sababu vilimbana. Bila haya akachungulia karatasi za mwalimu.

"'Inanyesha paka na mbwa.' Kaka, haya ni mambo gani?"

"Misemo ya Waingereza, nimeifasiri neno kwa neno. Hiyo ni mvua kubwa."

"Na hii, 'vunja mguu'?"

"Wanamtakia mtu heri."

"Makubwa! Wakimtakia mabaya wanasemaje?"

Kamusi alicheka mpaka karatasi zikamponyoka. Akampa nakala moja. Ilikuwa na misemo arobaini kwa Kiingereza na tafsiri yake, na mbele ya kila mmoja maana, neno moja au mawili basi. Mpokezi akaibandika chini ya kaunta, maana meneja wake hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji.

Mapenzi yakaanza, na simu za mchana.

"Roho yangu, mzima?"

"Niko juu ya wingu la tisa," Kamusi humjibu kwa msemo wa Waingereza wa furaha.

"La tisa tu? La kumi amekaa nani?"

Kwa miezi minane walicheka hivyo. Jambo moja tu lilimkera mpokezi. Mama mkubwa wake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alitaka kumwona huyo mwalimu, na mwalimu kila Jumapili alikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Jumanne alfajiri mama mkubwa akafariki. Mpokezi, macho yamevimba, akakaa kumwandikia meneja barua pepe ya kuomba ruhusa. Alitaka Kiingereza cha mtu mzima, si cha mtoto wa shule. Msemo wa ishirini na tatu ulikuwa "kupiga teke ndoo", na mbele yake mwalimu ameandika: kufa. Akaandika hivyo hivyo kwa Kiingereza, kwamba mama aliyemlea amepiga teke ndoo asubuhi hii. Nakala akamtumia Kamusi.

Jamani, nani kwetu anatangaza msiba kwa kusema mama amekata kamba? Huo ni usemi wa kijiweni, wa utani. Na wa Waingereza ni hivyo hivyo, na Kamusi alijua fika. Aliandika "kufa" akaona kazi imekwisha.

Alimpigia simu akampa pole, tena kwa sauti ya huzuni. Jioni akaingia darasani akaiandika sentensi ile ubaoni! Ilikuwa desturi yake: kosa lolote aliloliona, kwenye kibao cha duka au barua ya jirani, alilipeleka ubaoni. Darasa likaangua kicheko. Dereva wa kampuni ya mizigo, aliyekaa dawati la nyuma, hakucheka. Alikuwa ametoka msibani saa ile.

Asubuhi mpokezi akapiga simu; dereva alikuwa amemweleza.

"Umemweka mama yangu ubaoni?"

"Mpenzi, sikutaja jina la mtu..."

"Nimekuuliza jina?"

"Lilikuwa kosa la kufundishia tu, kipenzi."

"Kosa la nani? Nani aliandika 'kufa' halafu akanyamaza?"

Kamusi akataka kujieleza, mpokezi akamkatiza.

"Meneja wangu, mgeni, alisoma akanipa ruhusa na pole juu. Wewe ulicheka?"

"Wanafunzi ndio walio..."

"Ulicheka, hukucheka?"

"Unajua, mwalimu akiwa mbele ya darasa..."

Akakata. Kamusi akatuma ujumbe saba siku ile, wote wa kujitetea, na hakujibiwa hata mmoja. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi ninayesimulia nina hasira naye mpaka leo.

Siku ya tatu alifunga darasa, akaenda msibani. Mjomba wa mpokezi alikuwa mlangoni akipokea watu.

"Karibu, kijana. Wewe ni nani kwa marehemu?"

Mpokezi alikuwa kwenye benchi hatua tatu tu, kitambaa cheupe kichwani. Alimwona, akatega sikio. Alitaka kusikia atajiitaje.

"Shikamoo, mjomba. Mimi ndiye niliyetakiwa kuja kumwamkia akiwa hai, nikaahirisha kila Jumapili. Na ndiye niliyemfundisha binti yenu neno la utani bila kumwambia ni la utani. Alipolitumia kwa msiba huu, nikamwanika mbele ya darasa. Nilicheka nao."

Watu wakageuka. Mjomba akamtazama juu mpaka chini.

"Sasa unataka nini hapa?"

"Kuwapa pole. Binti yenu akinifukuza, nitaondoka."

Mpokezi alisimama.

"Mama alikuwa akiniuliza kila Jumapili: 'Huyo mwalimu wako ni mtu au ni simu?' Nami nakutetea! Mpaka ameondoka nakutetea!"

"Pole sana," Kamusi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuongeza neno.

"Nina hasira nawe. Kesho nitakuwa nayo, na kesho kutwa."

"Najua."

"Na usiniite kipenzi."

"Sitakuita."

Mpokezi akamtazama. Kisha akakaa, akauvuta mkoba wake uliokuwa juu ya benchi akaupakata, pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa," akasema.